Rambirambi ya Mkaguzi

Kabla serikali haijamfungia nyumba yake, Vaileth alikuwa mtu anayejua kukaa. Akikaa, amekaa. Alikuwa na kiti chake pale sebuleni, nyumbani kwake mjini Bowie huko Amerika, karibu na dirisha, na kila siku baada ya chakula cha mchana, wazee wakishameza dawa na kuanza kusinzia, aliketi hapo na kikombe cha chai ya maziwa akatazama mtaa. Sasa mwangalie. Ameamka, chai hajanywa, ameshafagia vyumba visivyo na mtu. Ametandua mashuka ambayo hayajalaliwa, ameyafua, ameyakausha, ameyatandika tena. Mumewe Zefania akimwambia, "Mama Dorothea, kaa basi," anaketi kwenye ukingo wa kochi, na kabla mwanamume wa watu hajafungua mdomo tena, keshasimama anatafuta ufunguo wa gari. Anaendesha mpaka Oxon Hill, anageuza, anarudi.

Huyu si mtu wa kuchanganyikiwa ovyo, na nisikilizwe vizuri hapo, maana watu walishamwita kila jina. Alizaliwa Tukuyu, akaja Amerika kumfuata Zefania aliyekuwa masomoni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuogesha wazee huko Oxon Hill, kwenye kampuni za watu, zamu ya asubuhi akiunganisha na ya jioni mpaka miguu inavimba. Akasoma, akafanya mitihani yao, akapata leseni. Walipopata nyumba Bowie akaifanya nyumba ya kulelea wazee watano, akamwajiri Mumbi, Mkenya wa Nyeri mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Wazee wenyewe walikuwa Wamarekani watupu. Bibi Rosemary, aliyekuwa mwalimu, alikuwa ameshasahau majina ya watoto wake wa kuzaa, lakini chapati aliijua kwa jina na aliidai kila Jumamosi. Ndiyo nyumba ambamo Vaileth alikuwa akijenga maisha yake.

Sasa kaa nikueleze siku yenyewe. Alikuja mkaguzi wa serikali, kijana mmoja anaitwa Ryan, ambaye alishawahi kuja mara kadhaa na hawakuwahi kukosana. Siku hiyo alifika macho yamevimba. Akakagua jokofu, akakagua kabati la dawa, akapima joto la maji bafuni, lakini akili haikuwapo, mara aandike, mara afute. Vaileth akamuuliza, "Unaumwa?" Ryan akasema hapana, ila mama yake amefariki, wamemzika Jumamosi iliyopita.

"Jamani! Masikini! Na umekuja kazini?"

Akasema ndiyo, ofisini hakuna mtu wa kumshikia zamu. Vaileth akataka kumpa chai, kijana akakataa, sheria yao haimruhusu hata maji. Haya, chai imeshindikana. Lakini wewe uliyelelewa na watu, unamwachaje mfiwa aondoke nyumbani kwako mikono mitupu? Umeshausikia msiba, huwezi kujifanya hukuusikia. Tukuyu kwao hata mtu ambaye hamzungumzi, akifiwa unakwenda, na hufumbi mkono ukampa pole ya mdomo peke yake. Basi Vaileth akaingia chumbani, akatia kitu kidogo kwenye bahasha, akatoka, akapiga goti kidogo, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Pole sana kwa mama yako," akamwambia kwa Kiingereza. "Hii ni ya msiba."

Ryan akarudi nyuma. "No, no, siwezi kupokea hiyo."

Hapo ndipo Vaileth alipoharibu, na wala sitamficha. Mtu mwingine angeirudisha bahasha mfukoni. Lakini Vaileth hakujua kuwa lile ni katazo, alijua ni adabu. Kwetu mfiwa mwenye heshima zake lazima akatae kwanza, aseme msisumbuke, na wewe lazima ulazimishe. Usipolazimisha umeonyesha ulitoa ili utangaze. Basi akalazimisha. Akamfuata mpaka mlangoni, akamchomekea ile bahasha kwenye mfuko wa koti, akampigapiga begani, akamwambia, "Chukua mwanangu, usinikatalie." Na ripoti ya ukaguzi kijana alikuwa bado hajaitia sahihi. Mumbi alikuwa anapanguza meza, aliona yote, na akaona ni mambo ya kawaida kabisa.

Haikupita wiki. Wakaja na magari, wakaja na watu wa ustawi wa jamii, wakaja na polisi. Karatasi ikabandikwa mlangoni kwamba nyumba imefungwa. Wazee wakatolewa mmoja mmoja kwenye viti vya magurudumu, dawa zao kwenye mifuko ya plastiki, na Bibi Rosemary akashika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili akilia kwamba hajamaliza kula. Vaileth alikuwa anasema, "Ngojeni, huyu hasukumwi hivyo, ana nyonga mbovu," na hapo hapo anaambiwa ana haki ya kukaa kimya. Kosa lenyewe: kujaribu kumhonga mtumishi wa umma. Ebo! Alipoelezwa vizuri akaelewa, alikaa kwenye ngazi ya mlangoni majirani wakimtazama.

Unajua kilichomuuma zaidi? Si polisi. Ni watu wake. Habari ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Watanzania wa huku, na kila mmoja akawa hakimu. Huyu anaandika, "Dada zetu wakumbuke hapa si Bongo." Yule anatuma vikatuni vya kucheka. Kanisani, Gwakisa, mzee wa kanisa anayetoka kwao kabisa, Mnyakyusa mwenzake anayejua rambirambi ni nini, alimvuta pembeni akamnong'oneza, "Sasa binti yangu, ulimpa kidogo nini, mpaka akakusema?"

Vaileth alitoka nje ibada haijaisha, akakaa kwenye gari, akapiga usukani kwa kiganja mpaka kikawa chekundu. Alitaka kurudi ndani akamwambie jambo. Akashuka, akafika mlangoni, akageuka. Akapanda tena garini, akashuka tena. Watu waliochelewa ibada walimwona akizungukazunguka pale uwanjani wakadhani amepoteza kitu.

Mtu pekee ambaye hakumsumbua ni mumewe. Zefania hakumuuliza swali hata moja. Siku ile ile ya kukamatwa alimchukua kituo cha polisi, akamvika koti lake, akamwambia, "Yataisha, mke wangu. Mimi niko hapa." Na kweli alikuwapo. Alimpeleka kila alikoitwa, akaomba ruhusa kazini hata pale bosi alipoanza kununa. Vaileth akashukuru Mungu kwamba nyumbani angalau hakuna anayemdai maelezo.

Miezi ikapita. Kisha mwendesha mashtaka akaifuta kesi, ghafla tu, bila hata kuwaita. Watu wakapiga simu za pongezi. Vaileth akaomba kuambiwa imefutwa kwa sababu gani, akajibiwa, ushahidi hautoshi.

"Hautoshi?" akamwambia Zefania, akiwa anazunguka meza ya jikoni. "Maana yake upo, ila haujajaa? Maana yake mimi mhongaji ila wamekosa pa kunishika?"

"Mama Dorothea, wameiacha. Mshukuru Mungu."

"Leseni wamerudisha?"

"Bado."

"Wazee wamerudisha?"

Wazee walikuwa wametawanywa huko na huko, na Bibi Rosemary alipelekwa sehemu ambayo Vaileth alipokwenda kumtazama alizuiwa mapokezi, eti yeye ni mtu aliyewahi kushtakiwa.

Ndipo aliposema atawashtaki. Atakwenda mahakamani kuishtaki serikali, kwa kumfungulia kesi ya uongo na kumfungia nyumba bila kumsikiliza. Zefania alikodoa macho. "Serikali? Hii hii ya Marekani? Na uraia wako?"

"Mimi ni raia. Niliapa. Waliniambia siku ile kwamba raia ana haki, au walikuwa wananiimbia?"

Wakili alipatikana kwa mkono wa Mumbi. Anaitwa Wainaina, amekulia huku tangu mdogo, Kiswahili chake kimechanganyika na kila kitu lakini kichwa kinachemka. Alimkalisha Vaileth ofisini kwake, yaani alijaribu, maana Vaileth alikuwa kwenye dirisha, mara kwenye rafu, mara mlangoni.

"Mum, wacha nikuambie ukweli," Wainaina akasema. "Hii kesi si mchezo. Ile pesa ulimpa, hatuwezi kusema hukumpa. Ile kitu inaweza kutuokoa ni moja. Lazima tuonyeshe huyo Ryan aliwaambia wakubwa wake ni ya matanga ya mamake, na wakajua, na bado wakaku-charge. Kama hakuwaambia, ama akatae kwamba mliongea kuhusu kifo cha mamake, sisi tumeisha."

"Kwa hiyo jina langu liko mdomoni kwa Ryan."

"Sana."

Vaileth akaenda nyumbani na hilo. Alipika wali akausahau jikoni ukaungua. Aliota anamfuata yule kijana barabarani akimwita, na kijana hageuki. Kila simu ikilia anashtuka, isipolia anaiangalia kama imezima. Alijiuliza kijana mwenyewe yukoje siku hizi, amepoa au bado, na mara nyingine alijikuta anamhurumia, halafu anajikasirikia kwa kumhurumia.

Kesi ikafunguliwa, na kabla ya kufika mbele ya hakimu mawakili wakaanza kumhoji yeye, kwa kiapo, kwenye chumba chenye meza ndefu. Wakili wa serikali alikuwa mama mmoja mpole wa sauti, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali. Akamuuliza, "Bibi, katika nchi uliyotoka, ni kweli kwamba rushwa ni jambo la kawaida?"

Wainaina akapinga, lakini Vaileth alishajibu. "Na misiba ni ya kawaida pia. Sisi tunajua tofauti ya hivyo viwili. Ninyi ndio mliochanganya."

"Kama ilikuwa pole, kwa nini hukumpa kadi?"

"Kadi ataila?" Vaileth akasema. "Mtu amezika. Amelisha watu, amelipa jeneza. Nimpe picha ya maua?"

Mwandishi wa kumbukumbu, aliyekuwa hana kazi ila kupiga mashine yake, akainama kuficha uso. Wakili wa serikali akauliza tena, kwa sauti ile ile laini, kwa nini alisukuma bahasha baada ya mtu kukataa. Hapo Vaileth hakupinga, maana hapo ndipo penye kidonda. Akasema, "Nilikosea. Sikujua huku hapana ni hapana hata kwenye msiba. Kwa hilo nilimkosea Ryan, nitamwomba radhi yeye. Lakini kumhonga, sikumhonga."

Siku ya Ryan kuhojiwa ilipofika, Vaileth alikuwa na haki ya kuhudhuria, na alihudhuria. Zefania alimleta, akakaa nje kwenye korido na magazeti, maana ndani hakuruhusiwa. Kijana aliingia amekonda, tai imemkaba. Hakumtazama Vaileth. Wainaina akamuuliza taratibu, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko Kiswahili chake: siku ile, ulimwambia mteja wangu habari yoyote ya familia yako?

Vaileth alishika ukingo wa kiti. Alitaka kusimama, Wainaina akamwekea mkono begani bila kumtazama.

"Ndiyo," Ryan akasema. "Nilimwambia mama yangu amefariki."

"Na bahasha alisema ni ya nini?"

"Alisema ni kwa ajili ya mama yangu."

"Uliwaeleza hivyo wakubwa wako?"

Kijana akamtazama wakili wa serikali, halafu, kwa mara ya kwanza, akamgeukia Vaileth. "Niliwaeleza. Niliipeleka bahasha kwa sababu sheria inanitaka niipeleke, lakini niliwaeleza. Msimamizi akasema pesa ni pesa, hayo ya mama yasiingie kwenye ripoti. Niliuliza mara mbili." Halafu akaongeza, na hakuna aliyemuuliza, "Alikuwa mtu pekee wiki ile aliyeniambia pole."

Vaileth alilia. Hakulia siku ya polisi, hakulia kanisani, akalia hapo, kilio cha sauti, mpaka ikabidi wasimamishe mahojiano. Alipotoka kwenye korido alimrukia Zefania shingoni, magazeti yakaanguka. "Amesema! Amesema kweli, baba Dorothea!" Zefania akamkumbatia, akampangusa machozi kwa kiganja, akasema, "Afadhali. Afadhali sana."

Baada ya hapo serikali ikaanza kubisha hodi yenyewe. Mwanzo walitaka kumrudishia leseni na kumlipa fidia, ila pande zote zikubali kwamba hakuna aliyekosea. Zefania alisema wapokee siku hiyo hiyo. Vaileth akasema hapana.

"Wanakupa nyumba yako! Unataka nini tena?"

"Nataka waseme. Waandike kwamba ile ilikuwa rambirambi, na walijua, na mimi si mhongaji. Isomwe mbele ya hakimu, kwa sauti, watu wasikie."

"Maneno tu hayo, mke wangu."

"Ndiyo. Walinitukana kwa maneno."

Waligombana wiki nzima, wakanuniana. Wainaina naye akaonya kwamba wanaweza kukosa vyote. Usingizi ukamhama Vaileth, akapungua mpaka pete ikawa inazunguka kidoleni. Mumbi aliyekuja kumtembelea alimkuta anapanga upya kabati la vikombe, akamwambia, "Auntie, hivyo vikombe vimechoka kupangwa." Lakini hakurudi nyuma. Na serikali, kwa kuogopa Ryan asije akasimama kizimbani mbele ya watu, ikakubali.

Taarifa ikasomwa mahakamani, mjini Greenbelt, asubuhi moja ya jua. Neno la rambirambi liliandikwa kwa Kiswahili chake na hakimu akalitamka kwa shida, akarudia ili alipatie. Idara ya ukaguzi ilijua kuwa kilichotolewa ni pole ya msiba. Bibi Vaileth hakutenda kosa lolote la rushwa. Leseni inarudishwa. Mumbi akapiga kigelegele humo humo ndani, mlinzi akamkimbilia, hakimu akajifanya hajasikia. Hata Gwakisa alikuwapo, amevaa suti, na alikuja kumshika Vaileth mkono akiangalia viatu vyake. Vaileth akampokea. Siku hiyo angeweza kumpokea mtu yeyote.

Wakaingia garini, yeye na mumewe, wakashika barabara kuu ya Beltway kurudi Bowie. Kwa mara ya kwanza tangu nyumba ifungwe, Vaileth aliegemea kiti mgongo mzima. Alikuwa anapanga kwa sauti: kwanza atamfuata Bibi Rosemary, kesho hiyo hiyo, na safari hii mapokezi watamtambua, chumba chake kipakwe rangi, Mumbi aanze Jumatatu. Zefania alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, anatabasamu, anapiga usukani kwa vidole. Alikuwa na furaha ya kweli. Akacheka peke yake, akatikisa kichwa.

"Lakini wewe mwanamke," akasema, "wewe ni kiboko. Rambirambi! Mimi ningekamatwa vile ningebaki nang'aa macho tu. Ile akili uliipata wapi, na upesi namna ile?"

Vaileth alicheka naye. Alicheka mpaka nusu, kisha kicheko kikamkauka.

"Akili gani?"

"Ya kuwaambia ni ya msiba. Na yule kijana akaishika hivyo hivyo, akawa upande wako. Mungu mkubwa."

"Zefania." Hakumwita baba Dorothea. "Ulidhani nilimhonga?"

Mumewe alitoa vidole kwenye usukani, akavirudisha. Aliangalia kioo cha pembeni ambako hakukuwa na gari. "Sasa mama Dorothea, hayo yamekwisha. Mimi sikukulaumu hata siku moja. Nani asingefanya? Mkaguzi, leseni, nyumba yetu yote iko hapo… Nilisema huyu ni mke wangu, amefanya alilofanya kwa ajili yetu, nitasimama naye. Na nilisimama."

Na ni kweli, alisimama. Vaileth hakuweza kulikataa hilo. Koti lile la kituo cha polisi, zile safari, zile asubuhi za kukaa korido na magazeti, bosi kumnunia: yote hayo aliyafanya kwa mke aliyemwona ana hatia, naye hakuwahi kuonyesha hata kwa jicho. Upendo ulikuwapo, tena mwingi. Ila siku ile alipotoka kwenye mahojiano akimlilia shingoni kwamba Ryan amesema kweli, mwanamume huyu alikuwa anamsikia anafurahia uongo uliofaulu. Vaileth akafungua dirisha, upepo wa magari ukaingia na makelele yake. Hakimu amelisema. Serikali imelisema. Gwakisa ameona aibu. Na aliyekuwa analala naye kitanda kimoja bado anampongeza kwa ujanja.

"Toka barabarani hapo mbele," akasema. "Ingia pale penye kituo cha mafuta."

"Tuna mafuta."

"Ingia, nimesema."

Akaingia. Akaegesha pembeni, kwenye mashine ya kujazia upepo. Simu ya Vaileth ilikuwa inalia mfululizo, pongezi za watu, akaigeuza kifudifudi mapajani.

"Zima gari."

Zefania akazima. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini. Vaileth akafungua mkanda, akamgeukia mwili mzima ili amtazame usoni.

"Hujawahi kuniuliza," akasema. "Basi nitakueleza tangu mwanzo, na usinikatize. Aliingia mlangoni macho yamevimba." Na sauti yake, ambayo haikutetemeka mbele ya wakili yeyote wa serikali, ikaanza kutetemeka.